Tonge la Nne

Asubuhi ya siku ya mwezi kufa, tonge la nne halikuonekana, na Nallayi akaokota jani tupu palepale kisimani.

Ngoja niseme taratibu, maana jambo lenyewe lina mizunguko. Kila mwezi unapokufa, kabla mtu yeyote hajatia kitu kinywani, Nallayi huoga mpaka kichwani, hupika wali, huukanda na samli na ufuta mweusi kidogo, akafinyanga matonge manne. Anayapanga juu ya ukuta wa kisima, kwenye jani la mgomba. La kwanza la baba mkwe. La pili la mama mkwe. La tatu la shemeji yake, yule aliyeumwa na nyoka kwenye shamba la bizari ya manjano. Na la nne la binti yake, Poongodi. Halafu huita, "Kaa! Kaa! Kaa!" na kunguru hushuka kutoka kwenye miti ya mivumo, wakala kwa niaba ya wafu wenyewe.

Miaka saba kunguru walikula matatu. La nne walikuwa wanaligusa kwa mdomo, wanaligeuza, wanaliacha. Linashinda juani mpaka linakuwa gumu kama kokwa, na jioni Nallayi analitupa kwenye lundo la mbolea. Wala lilikuwa halimhuzunishi. Hilo tonge lililoachwa ndilo lililokuwa barua yake ya kila mwezi. Chakula cha wafu wanakula wafu, na Poongodi hakufa. Walimlilia, walimvunjia chungu njiani, kinyozi akaja akafanya yote ya msiba, lakini msichana mwenyewe siku hiyo alikuwa mjini Tiruppur anatafuta chumba cha kupanga.

Sasa leo Nallayi kaingia ndani mara moja kufuata ndoo, karudi, jani tupu. Hakuna hata punje.

"Baba Loga!" aliita. "Baba Loga, njoo uone."

Mumewe, Chenniyappan Gaunda, alitoka zizini akijifuta mikono kwenye taulo la begani. Akatazama jani, akatazama kando.

"Kunguru ana njaa. Mvua zimechelewa."

"Miaka saba hakuwa na njaa?"

"Mwanamke, nina ng'ombe anataka kuzaa," alisema, akaondoka. Mwendo wake ulikuwa wa haraka kuliko alivyozoea.

Nallayi akabaki na jani mkononi. Alikuwa na jambo moja tu kichwani, na hakuwa na mtu wa kumwambia: mwanangu amekufa, safari hii amekufa kweli, na hakuna atakayeniletea habari, kwa sababu msiba wake tulishaumaliza.

*

Siku ya nne wakaenda hekaluni kuuliza ua. Loganathan, mtoto wao wa kiume, alikuwa amepata mchumba wa ukoo mwingine. Wa ukoo wako wote ni dada zako, huwezi kumgusa hata mmoja. Na siku ya arusi haipangwi mpaka Mama wa ukoo, mungu wa kike wa hekalu lile, aulizwe. Ua jeupe na ua jekundu yanafungwa kwenye majani, kila moja lake, yanarushwa miguuni pa sanamu, kitoto cha kike kinaokota moja. Jeupe, endeleeni. Jekundu, rudini nyumbani.

Likatoka jekundu.

"Mtoto huyu ana mafua," mtu mmoja akasema. "Leteni mwingine."

Jekundu tena. Mara ya tatu kuhani mwenyewe alichanganya majani mgongoni kwake, na bado likatoka jekundu. Watu wakawa wanakohoa bila kikohozi. Mzee Kumarappan, mkuu wa ukoo, ndiye anayepokea kodi ya hekalu na ndiye anayesimamia mila za arusi zote. Alikuwa ameketi juu ya kibaraza na fimbo yake, meno yote yake mwenyewe, anatafuna tambuu.

"Nyumbani kwenu kuna mwali alikufa kabla ya kuolewa," kuhani alimwambia Chenniyappan. "Hajapewa nguo. Anamzuia kaka yake."

Kila aliyekuwepo alijua yuko wapi huyo mwali. Lakini walishirikiana kumzika, na waliozika pamoja hawawezi kufukua mmoja mmoja.

"Basi mpeni sari yake," Mzee Kumarappan akasema. "Mnaitia kwenye kikapu, mnakitundika darini, mnamwashia taa. Mambo ya kawaida haya. Dada yangu mimi ana kikapu chake mpaka leo." Akatema mate mekundu pembeni. "Watu wa bibi arusi wameniuliza mara mbili, kwa Chenniyappan kuna nini? Nimewaambia hakuna kitu. Usinifanye mwongo, mdogo wangu. Sitaki kukuona tena umesimama na hela mkononi."

Watu wawili watatu walicheka chinichini. Masikio ya Chenniyappan yalikuwa yamewaka.

Maana mwaka ule Poongodi alipotoroka na mtoto wa mpiga ngoma za misiba, watu ambao ukoo hauoani nao, Chenniyappan alipanga foleni ya kodi kama kila mwaka, noti yake ya rupia mia ameikunja vizuri. Ilipofika zamu yake mkono wa Mzee Kumarappan ulimpita, ukapokea hela ya mtu wa nyuma, ukampita tena, kama vile pale pamesimama nguzo. Hakuambiwa neno. Kodi yako isipopokelewa, wewe si mtu wa ukoo: hualikwi, huoi, huozi, na siku ukifa hakuna bega la kukubeba. Alisimama pale mpaka foleni ikaisha. Siku ya tisa akamwita kinyozi, wakamfanyia binti yake msiba. Mwaka uliofuata hela yake ikapokelewa.

"Tutanunua sari," Chenniyappan alisema.

*

Akainunua. Ya pamba, rangi ya manjano iliyoiva, pindo jekundu, rupia mia nne na ishirini. Akamkabidhi mkewe kikapu na sari na kamba ya kutundikia, yeye akaenda shambani. Nallayi aliishika ile nguo, akainusa. Akaona mikono yake haitaki kuitia kikapuni. Kama yuko hai namtundikaje? Na kama amekufa, amefia wapi, nani alimwogesha?

Alisubiri adhuhuri, watu wamelala. Akavuka barabara.

Barabara yenyewe hatua ishirini. Upande ule wanakaa watu wa ngoma, na tangu aolewe Nallayi alikuwa hajaukanyaga. Mama wa yule kijana, Vellachi, alikuwa amepalilia manjano ya Nallayi miaka kumi na moja. Uji wake wa uwele alikuwa akiupokea nje ya ua, kwenye kifuu, akimwita Nallayi "mama mkubwa." Sasa alimkuta amekaa mlangoni anachambua dengu.

"Karibu, mkwe," Vellachi alisema. Hakusimama.

Neno lile lilimpiga Nallayi kifuani. "Vellachi, niambie kitu kimoja tu. Poongodi..."

"Kwanza maji." Akaingia ndani, akatoka na bilauri ya chuma inayong'aa. "Bilauri tunazo, usiogope. Sitakupa kwenye kifuu."

Nallayi aliitazama ile bilauri. Nyumbani kwake, ikiguswa na mtu wa upande huu, ingesuguliwa kwa jivu. Kunguru mmoja alilia juu ya paa, naye akashtuka akayanywa maji kwa mkupuo, mengine yakamwagikia kifuani.

"Haya," Vellachi akasema, sauti imelegea kidogo. "Sasa uliza."

"Mzima?"

Vellachi akarudia dengu zake. Akatupa kijiwe kimoja, akatupa kingine. "Sikwambii."

"Kwa nini unitese?"

"Nikikwambia mzima, utarudi jikoni kwako ulale usingizi miaka saba mingine. Nikikwambia amekufa, utalia nyuma ya zizi, utanyamaza. Nenda kaone kwa macho yako. Nyuma ya viwanda vya rangi, safu ya tatu, mlango wa bluu wenye mtungi uliopasuka. Basi la asubuhi linakufikisha kabla ya saa sita." Akamtazama. "Na hiyo nguo uliyoificha kwapani, mkwe, inaonekana."

*

Nyumbani alisema anakwenda kuangalia bangili za arusi. Mumewe akajibu, "Nenda," wala hakuuliza bangili gani zinazochukua siku nzima.

Saa sita ya Tiruppur ni saa mbaya. Kila mtu yuko kiwandani, vichochoro vitupu, unasikia cherehani tu zinavuma nyuma ya kuta bila kuona mtu hata mmoja. Kule kijijini wanawake hawatoki saa sita juu ya alama, wanasema ndiyo saa ya wasio na miili. Nallayi alifuata mtaro wa maji machafu, na siku hiyo maji yalikuwa ya zambarau, yanatoa mvuke. Vipande vya fulana vimetapakaa njia nzima, mikono bila viwiliwili, kola bila shingo. Safu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Mtungi uliopasuka ulikuwepo.

Akabisha.

Alifungua mtoto wa kike, wa miaka mitano hivi, nywele zimesukwa mbili. Mtoto hakuogopa. Alimtazama Nallayi usoni, akageuza shingo akatazama ndani, juu, kisha akamtazama tena. Halafu akaita, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema muuza maziwa amefika:

"Mama, yule bibi wa ukutani amekuja."

Ndani beseni lilianguka. Akatokea mwanamke mwembamba, mikono ina povu, na Nallayi alimjua kwa vile alivyosimama na uzito wote mguu mmoja. Poongodi alimvuta mtoto nyuma yake. Mkono mwingine ukapapasa ukutani mpaka ukapata kisu cha mboga, kile cha chuma cha kukatia umekaa, akakiinua. Chuma, wafu wanakiogopa.

"Simama hapohapo. Umekufa lini?"

"Sijafa."

"Usinidanganye, mama. Saa sita hii. Umekufa lini? Kwa nini hawakuniletea habari?"

"Sijafa, nakwambia. Nimekuja na basi."

"Nionyeshe miguu. Mzimu hauna miguu."

Nallayi akaweka kifurushi chini, akainua pindo la sari yake. Miguu ilikuwepo yote miwili, imepasuka visigino, ina vumbi, na kwenye nyufa imeingia rangi ya manjano isiyotoka hata uoge na nini. Poongodi aliitazama muda mrefu.

"Na wewe," Nallayi akasema. "Nionyeshe ya kwako."

Binti akainua. Mtoto, kwa kuwa aliona watu wazima wanaonyeshana miguu, naye akanyanyua gauni lake akaonyesha ya kwake.

Hakuna aliyecheka. Kisu kikashushwa polepole.

*

Chumba kilikuwa kimoja. Kitanda, jiko, mafungu ya fulana za kukata nyuzi kwa malipo ya kipande. Na ukutani, juu ya taa ndogo ya mafuta, Nallayi alijikuta.

Ilikuwa picha iliyopigwa siku Poongodi alipovunja ungo, walipomwita mpiga picha wa mjini. Poongodi alikuwa ameikata, akajitoa mwenyewe, akabakiza mama. Ameitia fremu, ameivika shada la maua ya plastiki, na kwenye kioo, usawa wa paji la uso, ameweka doa jekundu, kama wanavyowekewa waliokwisha kwenda. Lakini hakukata vizuri. Begani kwa yule mama wa picha ulibaki mkono wa msichana, vidole vinne na bangili, umekatikia kwenye kifundo. Mkono huo haukuwa na mtu.

"Siku ile mliponivunjia chungu," Poongodi alisema, "mama mkwe Vellachi alinihadithia yote. Nani alilia, nani alikula mara mbili. Nikasema sawa. Na mimi nina wafu wangu. Nikaoga kichwa, kama mfiwa."

"Na baba yako?"

"Baba sikuwa na picha yake."

Siku ilikuwa Ijumaa. Chini ya picha palikuwa na kisahani cha tambi za mchele, na tui, na sukari guru. Nallayi alizijua. Ndizo anazozipenda yeye, ndizo alizomfundisha binti yake kuzikamua kwenye kile kikamulio kizito, mmoja akishika mpini huu, mwingine ule.

"Kila Ijumaa anampikia," mtoto alieleza. "Lakini huwa hali. Nakula mimi."

Poongodi akatandika jani la mgomba sakafuni, akalinyunyizia maji, akatoa zile tambi kwenye kisahani cha wafu akazimimina kwenye jani. Nallayi akakaa. Aliinua tonge la kwanza, akahisi picha inamtazama kisogoni. Alikula hata hivyo. Mtoto, jina lake Yalini, alichuchumaa mbele yake, akifuata kila tonge kwa macho.

"Anakula!" alimnong'oneza mama yake.

Baadaye Nallayi akafungua kifurushi. "Hii nguo yako. Kaka yako anaoa."

"Nimesikia. Na ua jekundu nimelisikia, mara tatu." Hakuigusa sari. "Hiyo mmeinunua ya darini. Ya maiti. Mimi navaa sari ya kiwanda, inanitosha."

"Njoo arusini."

"Nije kama nani, mama? Wafu wanaalikwa?"

Kwenye arusi za watu wale lazima dada asimame ubavuni mwa kaka yake. Anabeba kikapu cha nafaka, ncha ya sari yake anaishika kaka, mbele ya ukoo mzima, kwamba huyu hakutupwa, nyumba ya baba yake bado ni yake, na watoto wao wana haki ya kuoana. Bila dada arusi haina mguu mmoja.

"Atasimama nani?" Poongodi aliuliza.

"Valarmati. Wa baba yako mdogo."

"Na Mzee Kumarappan bado anauliza vilevile? Dada wa huyu ni nani? Halafu mama anataja?"

"Bado."

Poongodi aliokota fulana moja, akaanza kukata nyuzi. "Basi sikiliza. Sitaki kuja. Sitaki nguo. Akiuliza, litaje jina langu. Mara moja tu. Asimame Valarmati, avae atakacho, lakini wewe sema Poongodi. Habari za kule zinafika hapa jioni hiyohiyo. Nikisikia umelitaja, nashusha picha ile, na huyu namwambia ana bibi."

"Watakataa kodi ya baba yako. Watu wa bibi arusi watamchukua binti yao palepale. Loga atabaki..."

"Najua."

"Sasa nikishindwa?"

Poongodi akakata uzi kwa meno. "Ukishindwa nitakupikia kila Ijumaa, mama. Vizuri tu. Hutakosa kitu."

Yalini alimsindikiza mpaka kwenye mtungi uliopasuka. Alikuwa na swali moja, na alilitoa pale walipoagana.

"Bibi, ukutani utarudi saa ngapi?"

*

Chenniyappan alikuwa amekaa ukingoni mwa kisima, jua linakuchwa. Akaona mkewe anarudi na kifurushi kilekile.

"Bangili ulipata?"

"Sikupata."

Chenniyappan akavua taulo begani, akalikunja, akalikunjua. Kisha akasema neno moja, uso ameuelekeza kwenye maji.

"Mzima?"

Nallayi akaachia kifurushi. "Ulijua nimekwenda?"

"Mzima?"

"Mzima. Ana mtoto wa kike. Ana masikio yako." Akamshika mkono. "Lakini lile tonge, baba Loga. Kunguru alilila. Mimi niliona jani tupu."

Chenniyappan akalikunja tena lile taulo.

"Si kunguru," alisema. "Nililila mimi."

"Chakula cha maiti?"

"Kila mwezi linabaki. Wenzake wanaliwa, lenyewe linabaki linakauka, linanitazama. Siku ile nikaona halina mtu. Nikalila." Akajipangusa mdomo kama vile bado kuna wali. "Lilikuwa na chumvi nyingi."

Nallayi akataka kucheka, akataka kumpiga. Akakaa tu karibu naye, na yule maiti wao, ambaye si maiti, akakaa katikati yao.

Hilo la jina hakumwambia.

*

Walipouliza ua mara ya nne, likatoka jeupe. Ukoo ukasema, mmeona, alitaka nguo tu. Watu wa bibi arusi wakatulia. Na ile sari, kwa kuwa ilishanunuliwa na haikutundikwa darini, Chenniyappan alisema avae Valarmati, basi.

Siku ya arusi yenyewe paliwashwa taa, pakafungwa migomba mlangoni, filimbi na ngoma za furaha zikakodiwa kutoka mjini. Chini ya turubai walikaa watu mia tatu wa ukoo. Loganathan alikuwa na kilemba kimemkaa upande. Valarmati, msichana mnene mwenye haya, alisimama ubavuni mwake na kikapu cha nafaka, ndani ya sari ya manjano yenye pindo jekundu. Ilimfika juu kidogo ya vifundo. Chenniyappan alikuwa ameichagua kwa urefu wa Poongodi.

Mzee Kumarappan akagonga fimbo, ngoma zikanyamaza.

"Dada wa huyu ni nani?"

Nallayi alisimama. Alikuwa amejizoeza siku kumi na sita, jikoni, kisimani, akipepeta mchele. Poongodi. Si neno refu. Alimwona mumewe, taulo begani, mgongo umenyooka kama mtu anayetegemea kupigwa. Aliwaona wazee wa upande wa bibi arusi, viatu wamevivua wameviweka karibu, vya kuvaa mara moja na kuondoka. Akamwona Loganathan. Loganathan hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama ile sari, vile inavyomwishia Valarmati juu ya vifundo, na macho yake yamejaa maji.

Kinywa kikafunguka. Midomo ikajibana yenyewe, tayari kwa herufi ya kwanza.

"Mama Loga," Mzee Kumarappan alisema polepole, "watu wanasubiri."

"Va..." sauti ikasema, na Nallayi aliisikia kama inatoka kwa mtu wa nyuma yake. "Valarmati."

"Valarmati!" wazee wakaitikia. Ngoma zikapasuka. Loganathan akaishika ncha ya sari, akaikamata kwa mikono yote miwili kama mtu anayezama. Akina mama wakampongeza Nallayi, wakampaka manjano shavuni, wakamwambia arusi imependeza. Alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mmoja alisema baadaye mashavu yake yalikuwa baridi kama ukuta.

Mwezi uliofuata, siku ya kodi ya mwaka ilipofika, Mzee Kumarappan alipokea kodi ya Chenniyappan, na ya Loganathan pia, sasa ameoa, anahesabiwa. Aliipokea kwa mikono miwili. Na kule ng'ambo ya barabara Vellachi alirudi kwenye kupalilia. Uji wake alikuja kuupokea na bilauri yake ya chuma. Hakusema mkwe. Alisema mama mkubwa, kama zamani, na hapo ndipo Nallayi alipojua habari zilishafika.

*

Siku ya mwezi kufa Nallayi aliamka kabla ya mkwe wake mpya, mke wa Loganathan, akaoga kichwa, akapika, akakanda. Chenniyappan alitoka zizini akamkuta kisimani. Alihesabu kwa macho, akahesabu tena.

"Mbona matano?"

Nallayi akalinyoosha jani.

"Mama Loga. La tano la nani?"

"Langu," Nallayi alisema. "Kuna nyumba nimefia."

Akaita, "Kaa! Kaa! Kaa!" Kunguru wawili wakashuka kutoka kwenye mivumo. Wakala la baba mkwe, wakala la mama mkwe, wakala la shemeji. Mmoja akaligusa la nne kwa mdomo, akaligeuza, akaliacha. Akaruka hatua moja kando, akafika kwenye la tano. Hilo hakuligeuza. Alilila palepale, harakaharaka, mpaka punje ya mwisho, akapangusa mdomo wake kwenye jiwe, huku na huku.

Nallayi akatazama miguu yake.

Chenniyappan alisogea ukutani, akalichukua tonge la nne kwa mkono wa kulia, akakaa chini kwenye vumbi mbele ya mkewe, na mkwe wao mpya anatazama kutoka mlangoni, akalila lote.